Kurudi Nyuma Si Woga

Kila ndege ndogo iangukapo katika mvua au ukungu, husikika watu wakisema kwamba ajali haina kinga. Wasemao hivyo hudhani kuwa wamelimaliza shauri. Mimi naona kwamba methali hiyo, njema kama ilivyo mahali pake, hapa hutumiwa vibaya. Ajali za namna hii zina kinga, na kinga yenyewe hainunuliwi kwa fedha. Ni rubani kukubali kungoja chini. Au akiwa amekwisha ruka, kukubali kugeuka na kurudi alikotoka. Wengi waliokufa kwa kuingia winguni walikuwa nayo kinga hiyo mkononi, wakaidharau.

Nieleze kwanza, msomaji, ni rubani yupi ninayemsema. Simsemi rubani wa ndege kubwa ya abiria, ambaye ana mwenzake kando yake, vyombo vya kila namna mbele yake, na ofisi nzima nyuma yake iwezayo kumwambia asiende. Namsema mtu mwenye leseni ya kurusha ndege ndogo kwa haja zake mwenyewe: kwenda shambani, kuzuru jamaa au kujifurahisha. Huyu ni rubani, ni bwana wa safari na ni hakimu wa safari hiyo, yote kwa pamoja. Hana wa kumzuia ila nafsi yake. Kwa hiyo, ubora wake haupimwi kwa ustadi wa mikono tu, bali kwa uamuzi wake kabla ya injini kuwashwa.

Katika sehemu nyingi za anga, sheria yamtaka rubani aongozaye ndege kwa macho aweze kuona mbele yake umbali usiopungua kilomita 5, na akae mbali na wingu mita 1,500 kwa upande na mita 300 kwa juu au chini. Vijana wenye damu moto huidhania sheria hii kuwa kazi ya makarani waoga. Sivyo. Asili yake ni maumbile ya mwili wa binadamu.

Ndani ya sikio mna mifereji midogo yenye majimaji. Kichwa kigeukapo, majimaji hayo huchelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko kunakotuarifu kwamba tunageuka. Lakini ndege ikizidi kuzunguka kwa mwendo ule ule, baada ya muda mfupi majimaji hufuatana na mwili, na habari hukoma. Rubani huhisi kuwa amenyooka, hali yumo katika mzunguko. Akiinyosha ndege, huhisi kuwa imeinamia upande wa pili, naye huirudisha katika kosa. Penye mwanga, macho hulisahihisha sikio kwa kutazama mahali nchi inapokutana na mbingu. Winguni hapana mahali hapo. Basi pua ya ndege hushuka, mwendo huzidi, na rubani huvuta usukani ili ainuke. Lakini kwa kuwa ndege imelala ubavu, kuvuta kwake huukaza mzunguko badala ya kuuondoa. Hivyo huteremka akizunguka kama parafujo, na hisia zake zikimwambia kuwa mambo ni salama.

Jambo hili lilijaribiwa. Mwaka wa 1954, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilichukua watu 20 ambao hawakufundishwa kuongoza ndege kwa vyombo. Mmoja mmoja walirushwa pamoja na mwalimu, wakazuiwa kuona nje kama kwamba wameingia winguni. Wote 20 walishindwa kuimiliki ndege. Aliyeshindwa upesi kuliko wote alichukua sekunde 20. Aliyekawia kuliko wote, sekunde 480. Wastani wao ulikuwa sekunde 178, muda usiotimia dakika 3. Tena, yafaa kujua jaribio lile lilikusudiwa nini. Lilikusudiwa kuwapa watu hawa njia nyepesi ya kugeuka nusu duara na kutoka winguni walikoingilia, na walipofundishwa njia hiyo waliiweza. Wataalamu hao hawakuwafundisha kusonga mbele. Waliwafundisha kurudi.

Labda utasema kwamba hatari hii ni ya wajinga na maskini wasio na ndege nzuri. Tazama basi yaliyotokea usiku wa tarehe 16 Julai 1999. John F. Kennedy mdogo, mwana wa Rais wa Marekani aliyeuawa mwaka wa 1963, aliruka kutoka New Jersey kwenda kisiwa cha Martha's Vineyard pamoja na mkewe na shemeji yake. Ndege ilikuwa nzuri, na wachunguzi hawakuona ushahidi kwamba iliharibika njiani. Tufani haikuwako. Palikuwa na giza, na utusitusi wa hewa juu ya bahari, basi. Rubani hakuwa na idhini ya kuruka kwa vyombo. Aliposhuka juu ya maji, hisia zilimpoteza, ndege ikamshinda, na wote watatu wakafa. Sheria ilimruhusu kuruka usiku ule. Lakini ruhusa si amri, na lililo halali kwa sheria huweza kuwa si la busara kwa mtu fulani, katika saa fulani.

Nchi yetu ya Kenya haina bahari ya utusitusi tu, ina na milima. Kiwanja cha Wilson, Nairobi, ambako ndege ndogo nyingi huanzia safari, kiko mita 1,690 hivi juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini ndogo hupungukiwa na nguvu kabla safari haijaanza. Upande wa magharibi vilima vya Ngong vyafikia mita 2,460. Upande wa kaskazini safu ya Nyandarua yafikia mita 4,001, na Mlima Kenya mita 5,199. Katika miezi ya baridi mawingu hulala chini asubuhi, na wakati wa masika mvua huyafunika makorongo. Rubani huona mwanya kati ya wingu na mlima, akauingia. Bonde huzidi kuwa jembamba, nchi huzidi kuinuka, wingu halipandi, na mahali pa kugeukia hapapo tena.

Wala mlima haumwulizi mtu cheo chake. Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya jeshi iligonga kilima karibu na Marsabit katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 walikufa, miongoni mwao wabunge waliokuwa wakienda kuwapatanisha wananchi. Ndege hiyo iliongozwa na wanajeshi, wala haikuwa ya mtu binafsi. Ikiwa marubani wa jeshi waweza kufikwa na haya, rubani wa Jumapili ategemee nini?

Sasa niwajibu wapinzani wangu. Wa kwanza husema kwamba ushujaa ni kusonga mbele. Wazee wetu walimjibu zamani: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tena, ushujaa wa kweli hukabili hatari kwa faida iliyo kubwa kuliko hatari yenyewe. Kuwahi chakula cha mchana si faida ya namna hiyo.

Wa pili husema kwamba uzoefu haupatikani ila kwa kuzikabili hali mbaya. Maneno haya yana ukweli ndani yake, na sitaki kuuficha. Rubani hana budi kujifunza. Lakini ajifunze na mwalimu kando yake, katika ndege yenye vyombo vinavyofaa, mpaka apewe idhini. Wala asijifunze peke yake, na watoto wa jirani wameketi nyuma. Aingiaye mtoni hajui kuogelea hapati uzoefu wa kuogelea.

Wa tatu husema kwamba uhai ni wake mwenyewe, na mtu huru aachiwe. Uhai wake ni wake, nakubali. Je, uhai wa abiria wake ni wa nani? Na wa mama aliye shambani chini ya njia yake? Na wa wale watakaopanda mlima usiku katika mvua ile ile kumtafuta?

Kosa hili, msomaji, halifanywi kwa kuruka mara moja katika shimo. Hufanywa hatua kwa hatua. Rubani huondoka, akakuta mawingu yameshuka kidogo; naye hushuka kidogo. Kisha mvua, naye hupinda kidogo. Kadiri asafirivyo, ndivyo mwisho wa safari uzidivyo kumvuta, na ndivyo kurudi kuonekanavyo kuwa hasara. Ajiambia kwamba zimebaki dakika 10 tu. Ndiyo sababu uamuzi wafaa kufanywa chini, palipo na utulivu: "Mawingu yakishuka mpaka hapa, nitarudi." Akisha kuweka mpaka huo, asijadiliane nao angani.

Neno lenyewe rubani lilianza baharini kabla ya kupanda angani. Lilikuwa jina la mtu ajuaye njia ya maji, aongozaye chombo kipite salama penye miamba. Manahodha wa majahazi ya pwani yetu walisafiri kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Na kusi ilipokuwa kali, walikaa bandarini wakangoja. Walingoja majuma, pengine miezi, na mizigo ya watu mikononi mwao. Hakuna aliyewaita waoga. Watu walijua kwamba nahodha asiyeweza kungoja hafai kupewa chombo.

Heshima hiyo tumeipoteza, na lawama si ya marubani peke yao. Ni yetu pia, sisi tuwangojao. Mwenyeji akasirikaye kwa sababu mgeni amechelewa, abiria asemaye kwamba kikao hakiwezi kuahirishwa, rafiki amchekaye aliyegeuka njiani: hawa wote wameweka mkono katika usukani bila ya kuushika. Huenda wewe usomaye ukawa rubani siku moja. Au huenda usirushe ndege kamwe, ila utakuwa abiria, au mwenyeji wa abiria. Basi siku utakapoambiwa, "Rubani amerudi kwa sababu ya mawingu," usiulize kwa nini aliogopa. Mshukuru, umngojee kesho.