Majani Yetu na Vijidudu Vilivyozoea Dawa



Juma lililopita, tulipokutana kwa likelemba, mama mmoja wa kikundi chetu hapa Bukavu alifika na mtoto wake mgongoni. Mtoto alikuwa amekonda, lakini alikuwa anacheka. Tulimpigia vigelegele, kwa sababu wengi wetu tulijua alikotoka.

Homa ilipoanza, mama huyo alinunua vidonge sita vya amoksisilini, kadiri ya franka alizokuwa nazo. Homa ilishuka siku mbili, kisha ikarudi na nguvu. Jirani akamwambia: "Dawa za farmasi zimekwisha nguvu. Mpe majani." Kwa siku tano mtoto alinyweshwa maji machungu, na mengine akaingizwa kwa nyuma kwa mpira. Alipofikishwa hospitali hakuweza tena kunyonya. Damu yake ilipochunguzwa, walikuta kijidudu ambacho amoksisilini haikiwezi. Alilala huko siku kumi, anapigwa sindano. Deni lilikuwa kubwa, na sanduku letu lilisaidia kulilipa.

Hatusemi haya ili kumhukumu. Ni nani kati yetu ambaye hajafanya vile? Lakini siku ile swali lilitoka: kama dawa za farmasi zinashindwa, mbona tusirudi kwa majani ya wakoko wetu? Ni swali la haki, na leo tunataka kulijibu vizuri.

Kwa nini dawa inashindwa

Vijidudu vinavyoitwa bakteria vinazaa upesi. Vingine, vikipata chakula na joto, kimoja kinakuwa viwili kwa dakika 20 tu. Tukimeza antibiotiki nusu nusu, au tukiimeza kwa ugonjwa usioihitaji, vile dhaifu vinakufa na vile vyenye nguvu vinabaki. Vinavyobaki vinazaa, na vinaweza hata kupasiana ujanja wa kuishinda dawa. Anayezoea dawa si mtoto, ni kijidudu. Ndiyo sababu mtoto ambaye hajameza kidonge hata kimoja anaweza kuambukizwa kijidudu kilichozoea dawa nyumbani kwa jirani.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya jambo hili mwaka 1945, alipopokea tuzo ya Nobel: kipimo kidogo mno kinafundisha kijidudu kushindana na dawa. Leo tunaona matunda yake. Kwa mwaka 2019, watafiti walikadiria kwamba watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria zisizosikia dawa. Na hapa Congo, huko Kisantu katika Kongo Central, watafiti wamekuta katika damu ya watoto bakteria ya jamii ya salmonela ambayo imeshinda dawa moja baada ya nyingine: ampisilini, kotrimoksazoli, mpaka sindano ya seftriaksoni.

Je, majani yanaziweza?

Sisi hatudharau miti. Katika Kivu yetu nani hajui kinkina? Maganda yake ndiyo yanayotoa kinini, dawa ya malaria. Lakini angalieni: kinini ilikuwa dawa ya kuaminiwa pale watu walipoitoa katika ganda, wakaisafisha na kuipima, ili kila mgonjwa apate kiasi kinachomfaa. Na inapigana na malaria, si na bakteria.

Kitunguu saumu nacho, kikipondwa na kuwekwa pamoja na bakteria katika chupa ya laboratwari, kinaua nyingi, hata baadhi ya zile zilizozoea dawa. Habari hiyo ni ya kweli, na ndiyo inayotembea katika simu zetu. Lakini chupa si mtoto. Tukila kitunguu, nguvu ile inavunjika upesi mwilini, na kinachofika katika damu ni kidogo mno. Maji ya moto pia yanaua bakteria. Nani atayatia katika damu ya mtoto wake?

Kwa ngozi ni jambo lingine, kwa sababu pale dawa inagusa kidonda chenyewe. Asali inakausha na kuua bakteria nyingi, na hospitali nyingine duniani zinatumia asali iliyosafishwa maalumu kwa kufunga vidonda. Huko Banjul, nchini Gambia, hospitali moja iliweka papai lililopondwa juu ya vidonda vya watoto walioungua, wakalibadilisha kila siku. Lakini ilikuwa hospitali, macho ya waganga yakiwa juu ya kidonda. Asali ya soko letu mara nyingi imechanganywa na maji ya sukari. Kidonda kidogo kinahitaji kwanza maji safi, sabuni na kitambaa safi. Kidonda kikubwa, cha kuungua au chenye usaha, kipelekeni kituo cha afya.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: kijidudu ambacho sindano inakishinda kwa shida, kikombe cha majani hakitakishinda. Dawa moja ikishindwa, mtoto anahitaji kuchunguzwa damu na kupewa dawa nyingine inayofaa. Kumrudisha nyumbani ni kumpotezea siku.

Pale ambapo majani yanatusaidia kweli

Hata hivyo, jiko la koko lina kazi kubwa katika vita hii. Mafua na kikohozi cha kawaida havitokani na bakteria. Antibiotiki haina kazi pale. Inafundisha vijidudu tu. Mtoto aliyepita mwaka mmoja mpeni maji ya vuguvugu yenye limau na asali kidogo. Mkubwa aongeze tangawizi. Koo linatulia, siku zinapita, na amoksisilini inabaki farmasi ikingoja ugonjwa wake. Lakini mtoto asiyefikisha mwaka asipewe asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za kijidudu kinachotoa sumu ya kulegeza mwili.

Kuhara kwa maji nako mara nyingi hakuhitaji antibiotiki. Dawa ni maji: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Zidisheni kunyonyesha, na ombeni zinki kwenye kituo. Mkubwa akitaka chai ya majani ya mapera, anywe, lakini haishiki nafasi ya maji haya.

Ila mambo mawili tunaomba yaachwe kabisa. La kwanza ni kumwingizia mtoto dawa kwa nyuma: inamkausha maji na kuumiza utumbo. La pili ni kupaka majani, majivu au mavi ya ng'ombe kwenye kitovu cha mtoto mchanga: pepopunda inaingilia hapo. Kitovu kiwe kisafi na kikavu, na kipakwe tu kile ambacho mkunga amekupa.

Usingoje kesho

Mpeleke mtoto mara moja akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akilala bila kuamka vizuri, au akihara damu. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima akiwa ametulia: 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kabla ya mwaka mmoja, 40 au zaidi kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni hatari. Kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, ni hatari. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa hangoji hata saa moja.

Mkifika, mwambieni munganga kila kitu mlichompa, majani pamoja na vidonge. Msione haya. Mama yule alificha majani siku ya kwanza, na alituambia kwamba hilo ndilo linalomsumbua mpaka leo.

Kwa mazungumzo katika vikundi

1. Nyumbani kwetu kuna vidonge vilivyobaki? Tunavifanyia nini?
2. Mama akikosa franka za dozi nzima, sanduku letu linaweza kumkopesha siku ileile, kabla hajanunua nusu?

Kikundi chetu kimeshajibu swali la pili. Tumetenga sehemu ndogo ya kila mchango, na mama mwenye karatasi ya munganga atapewa bila kungoja zamu yake. Tuambieni ninyi mmefanyaje.

Mbaki salama na watoto wenu.