Mjusi hajulikani kwa zawadi, anajulikana kwa swali analokataza

Ndugu na dada wa Luvungi, wa Kamanyola, wa Sange na wa Uvira, leo siandiki juu ya barabara wala juu ya pesa za kwenye bariyeri. Naandika juu ya filamu. Mutacheka, lakini mungoje kidogo: kuna watoto wawili waliokimbia chanjo na kujificha ndani ya shamba la muhogo, na ni juu ya mdomo wangu.

Niko na karatasi ya lisansi, kazi sina, njo maana ninapata wakati wa kumaliza filamu za mfululizo. Rafiki mmoja alileta flashi yenye V, ile iliyotengenezwa upya Marekani kati ya 2009 na 2011. Tukaiangalia jioni baada ya jioni, kila mara paneli ya jirani ilipokuwa na nguvu.

Kwa wale hawajaiona: meli kubwa zinasimama juu ya miji ya dunia. Wanatoka watu wazuri, wasafi, wenye kucheka vizuri. Mkubwa wao, Anna, anaahidi amani na kufungua vituo vya kuponyesha wagonjwa. Vijana wanapewa sare na kuitwa mabalozi wa amani. Lakini chini ya ile ngozi ya mtu, wageni ni mijusi.

V ya kwanza ni ya 1983. Kenneth Johnson aliitengeneza akifikiria namna ufashisti unavyoweza kuingia katika nchi huku watu wanapiga makofi. Mle ndani, wageni wanawinda kwanza wanasayansi, maana hao wanajua kuuliza. Kijana Daniel anavaa sare ya wageni, kisha anawashitaki majirani waliofichwa nyumbani kwao wenyewe. Babu yake, Abraham, aliyeponea mikononi mwa Wanazi, njo anaonyesha vijana namna ya kuandika V ukutani, herufi ya ushindi.

Sisi hatuhitaji mjusi ili tuelewe hiyo. Oktoba 1996, vita vya AFDL vilianzia huku kwetu Uvira. Tarehe 6 ya mwezi ule, kule juu Lemera, wagonjwa na wauguzi waliuawa ndani ya hospitali. Ukombozi ukaahidiwa. Watoto wakavikwa buti zilizozidi miguu yao, wakaitwa kadogo, wakatembea mpaka Kinshasa, iliyoanguka tarehe 17 Mei 1997. Mimi nilikuwa sijazaliwa. Lakini tuko na mjomba mmoja aliyeenda akiwa na miaka kumi na nne, na mpaka leo jina lake likitajwa kwenye meza, mama anasimama na kwenda kuangalia mboga ambayo imeshaiva.

Sasa, V ya 2009 ilibadilisha kitu. Wakati ule Wamarekani walikuwa wanabishana sana juu ya mpango wa Obama wa matibabu, na katika filamu zawadi kubwa ya wageni ni matibabu kwa wote. Tena sindano zao ziko na dawa ya siri. Kuna Wamarekani waliosema filamu inampiga Obama fimbo. Nia ya watengenezaji iwe ile ama ingine, mtazamaji anarudi nyumbani na funzo hili: mwenye kukuletea dawa, mwogope. Ile ya zamani ilisema ogopa mwenye kukudai utii. Ile mpya inateleza, inakufanya uogope kituo cha afya.

Kwa Mmarekani mwenye bima, hayo ni mabishano ya jioni. Kwetu ni kaburi. Hapa kando ya Tanganyika kolera haijawahi kutuaga. Na wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, uvumi na bunduki vilitembea pamoja. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na OMS kupigana na ule ugonjwa, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali, Butembo.

Na mimi nilifanya nini? Nilikaa mbele ya duka, nikatania: chanjo ikikuja, ni sindano ya V, utaota mkia. Watu walicheka sana. Siku watu wa chanjo ya kolera walipopita, watoto wawili wa jirani hawakuonekana. Walitoka muhogoni jioni. Wiki chache baadaye, yule mdogo alianza kuhara maji. Alipona, sababu mama yake alimbeba mgongoni usiku mpaka kituo cha afya. Mama yule hakunitukana. Aliniuliza tu: "Wewe ulisoma. Ulikuwa unajua nini juu ya ile dawa?" Nilikosa jibu, sababu sikuwa nimeuliza mtu yeyote.

Tangu siku ile narudia kipande kimoja cha filamu. Mwandishi wa habari Chad Decker anapata mahojiano na Anna. Kabla ya kuanza, Anna anamwambia asiulize swali litakalowaonyesha vibaya. Anakubali, sababu anataka kupanda. Pale njo filamu inasema kweli. Mjusi hatumjui kwa zawadi yake, tunamjua kwa swali analokataza.

Vijana wenzangu, wakati wa kampeni nilivaa tisheti ya mgombea mmoja siku tano, juu ya pesa ya chakula. Tuliambiwa tupige makofi, tusiguse mikro. Nilipaswa kuelewa pale pale.

Basi, kila mwenye kufika hapa na zawadi, awe na sindano, tisheti ama bunduki, tumuulize mbele ya watu wote: nani analipa? Nini itatoka kwetu? Tukikataa, itakuwa namna gani? Muuguzi ataeleza, hata mara tatu. Yule anayekuja kuandikisha watoto atakasirika. Hasira yake njo jibu.

Mimi naanza na deni langu. Chanjo ikirudi Luvungi, nimeshauliza maswali yangu kwenye kituo cha afya na nikajibiwa. Nitatembea mbele ya wauguzi nyumba kwa nyumba, na mlango wa kwanza nitakaobisha ni wa mama yule.