Visima vya Dar: Chumvi ikipanda, gharama nazo hupanda

DAR ES SALAAM — Oktoba 2022, maji ya mto Ruvu yalipopungua na jiji la Dar es Salaam kuingia kwenye mgawo, mwenye yadi ya malori au kiwanda cha barafu aliyekuwa na kisima kirefu aliendelea na kazi. Asiyekuwa nacho alinunua maji ya boza. Mwezi uliofuata, Serikali nayo iliingiza maji ya visima vya Kigamboni kwenye mabomba ya jiji.

Kimbilio hilo si geni. Visima vingi vilichimbwa tangu ukame wa 1997. Swali la kiuchumi ni je, akiba hii itadumu hadi lini?

Pwani, maji baridi huelea juu ya maji ya bahari ndani ya ardhi. Kanuni ya wataalamu ni kwamba kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba takriban mita 40 chini yake. Pampu ikishusha maji mita 1, chumvi inaweza hatimaye kupanda mita 40. Na maji ya bahari yakichanganyika kwa asilimia 2 au 3 tu, kisima hakifai tena kwa kunywa. Chumvi hiyo hula pampu, mabomba na rejeta za magari.

Ndiyo maana watafiti waliomaliza shahada ya uzamivu hutumia kompyuta kukadiria kiasi kinachoweza kuvutwa bila kuikaribisha bahari. Programu si tatizo: MODFLOW, iliyotolewa na idara ya jiolojia ya Marekani mwaka 1984, inapatikana bure. Kinachokosekana ni takwimu. Mkataba wa mtafiti mara nyingi ni wa miaka 2 au 3, ilhali chumvi husogea kwa miongo.

Takwimu hizo ziko mikononi mwa wafanyabiashara wenyewe. Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kutumia maji. Kwa Dar es Salaam hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Lakini kibali bila vipimo ni karatasi tu, kwani pampu ya mmoja huvuta chumvi hadi kwenye kisima cha jirani.

Kupima kina na chumvi kila mwezi, kuandika lita zinazovutwa na kupeleka kumbukumbu hizo bodini ni gharama ndogo kuliko kuchimba upya. Wasioona haja wakumbuke kuwa hasara ya kisima haiishii yadini. Huingia kwenye ankara ya usafirishaji, na mteja wa Lusaka, Lubumbashi au Bujumbura ana hiari ya kupitishia mzigo wake bandari nyingine.