Mshahara ni wa Mwezi, Kodi Nayo Iwe ya Mwezi

Mtumishi wa umma hulipwa mshahara wake mwisho wa mwezi. Mwenye nyumba hudai kodi ya miezi sita, pengine ya mwaka mzima, kabla mpangaji hajaingiza hata mkeka. Katika pengo hilo ndimo lilimojificha tatizo kubwa la makazi ya wafanyakazi, na wakati umefika litazamwe bila ya kuoneana haya.

Uchukuliwe mfano wa Mtama. Mji huu, ulioko kando ya barabara kuu iendayo Masasi, ndio ulioipa jina Halmashauri ya Wilaya iliyokuwa ikiitwa ya Lindi. Palipo na halmashauri hupelekwa walimu, wauguzi na makarani. Lakini nyumba hazijengwi kwa kasi ya barua za uhamisho. Msimu wa korosho ukifunguliwa, mfanyabiashara mwenye fedha taslimu hushindania chumba kile kile na mwalimu. Alipaye kwa mkupuo ndiye apewaye ufunguo.

Hesabu yake si ngumu. Mwalimu mpya akipata chumba na sebule kwa shilingi 60,000 kwa mwezi, akatakiwa kulipa miezi sita na mwezi mmoja wa dalali, atatoa shilingi 420,000 kabla hajanunua kitanda. Akihamishiwa Dar es Salaam, akapanga Sinza au Tabata kwa shilingi 250,000, atatakiwa atoe shilingi 1,750,000. Fedha hizo hazimo katika mshahara wa mwezi mmoja. Zimo katika mkopo, na mkopo una riba. Hivyo mfanyakazi hulipa kodi mara mbili: kwa mwenye nyumba, na kwa mkopeshaji.

Taifa hili halikuwa kimya juu ya jambo hili. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sheria ya mwaka 1984 ikaweka kodi halali na mabaraza ya kusikiliza mashauri ya wapangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi kimebaki kuwa maelewano ya watu wawili wasiolingana nguvu.

Haki inataka upande wa pili nao usikilizwe. Mwenye nyumba amenunua saruji na bati kwa bei ya soko, na amewahi kukimbiwa na mpangaji usiku. Wala udhibiti wa zamani haukukosa dosari: kodi iliposhikiliwa chini, nyumba ziliachwa bila matengenezo, na kilemba kikatolewa kwa siri. Kurudisha sheria ile neno kwa neno hakutajenga hata chumba kimoja.

Lakini kupanga bei ni jambo moja, na kudai malipo ya nusu mwaka ni jambo jingine. Bei yaweza kuachiwa soko. Muda wa malipo waweza kuwekewa mpaka wa kisheria bila ya kumfilisi mwenye nyumba. Mkataba uwe wa maandishi. Nyongeza ya kodi itanguliwe na taarifa ya kutosha. Hofu ya kukimbiwa itibiwe kwa dhamana ya mwezi mmoja, irejeshwayo mpangaji aondokapo salama. Na kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU, irudishwe kwa mpangaji anunuaye umeme, kwa kuwa jengo si lake. Halmashauri nazo zihesabu nyumba za walimu kuwa sehemu ya shule, kama zihesabuvyo madarasa na madawati.

Liko neno zito zaidi, nalo linawahusu watumishi wenyewe. Mwiko wa kupangisha uliondolewa na Azimio la Zanzibar la 1991, na leo si haba watumishi wa umma walio wenye nyumba. Aliyelalamika jana kwa kudaiwa miezi sita ndiye aidaiye leo, tena kwa mfanyakazi mwenzake. Hakuna sheria imzuiayo kupokea kodi kila mwezi. Aanze yeye, na viongozi wamtangulie, maana watakaoombwa kutunga sheria hiyo nao ni wenye majumba.

Mwalimu asiyejua mwezi wa saba atalala wapi hawezi kufundisha kwa utulivu. Gharama ya wasiwasi wake hailipwi na yeye peke yake. Hulipwa na watoto waliomo darasani mwake.