Daraja la Reli la Sagana Si Chuma Chakavu

Wako watu wa Embu na Meru wanaosema kwamba historia ya reli haiwahusu, kwa kuwa garimoshi halikufika kwao. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kunyimwa nako ni historia, na mahali pazuri pa kuisoma historia hiyo ni kwenye daraja la reli juu ya mto Sagana. Mtu mwenye baiskeli nzima anaweza kutoka Embu, akalitazama, na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Safari hiyo nimeifanya. Ukitoka asubuhi na mapema unapita Kutus na Kagio, na mpaka Sagana ni mwendo wa kama kilomita 40, sehemu kubwa ukiteremka. Njiani utakutana na wenzako waliopakia majani ya ng'ombe na mitungi ya maziwa. Watakuuliza wewe umebeba nini. Ukiwaambia unakwenda kutazama daraja, watacheka. Jioni ni kupanda, na hapo miguu hulipa deni lote la asubuhi.

Basi, kuna nini cha kutazama? Reli hiyo ilifika Thika mwaka 1913. Katika miaka ya 1920 ilivuka mto, ikapanda kuelekea Karatina, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikakomea Nanyuki. Ukichukua ramani utaona kwamba imepita magharibi ya Mlima Kenya, ikielekea kwenye mashamba ya walowezi. Upande wa mashariki walikaa Waafrika katika maeneo waliyotengewa. Walitozwa kodi kama wengine, lakini reli hawakupelekewa. Hata kahawa hawakuruhusiwa kuipanda mpaka miaka ya 1930.

Uamuzi ule haujafutika. Mpaka leo kila gunia na kila abiria kati ya Embu na Meru hupita barabarani, katika mabonde yenye kina kirefu. Mwezi Julai mwaka 2022 basi lilitumbukia katika mto Nithi, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha yao. Sisemi kwamba reli ingezuia kila ajali. Nasema kwamba anayepanga njia za kesho yafaa ajue njia za jana zilipangwa kwa faida ya nani.

Wengine watasema chuma ni chuma, kikichakaa kiuzwe. Fikra hiyo ni ya hatari. Mwaka 2022 Serikali ililazimika kusimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu, kwa sababu ya watu walioharibu mali ya umma. Reli ya Nanyuki yenyewe ilikuwa imelala kwa miaka mingi kabla ya kutengenezwa upya mwaka 2020.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inampa Waziri uwezo wa kutangaza jengo kuwa kumbukumbu ya taifa. Daraja la Sagana lastahili heshima hiyo. Wakati tukingoja, kisimamishwe kibao kinachoeleza lilijengwa lini na kwa nini. Walimu nao wawapeleke wanafunzi, wakalitazame wakiwa ukingoni mwa mto, si juu ya reli.

Nanyi vijana wenye baiskeli, Jumamosi moja tu yatosha. Tieni upepo magurudumu mwende mkajionee.