Tate wa Marekani analipa minervali: feza ipite wapi?

Tangu tarehe 1 Januari 2026, mtu aliye Marekani akipeleka noti kwenye ajansi ya kutuma feza ili zifike Bukavu, Goma ao Uvira, serikali ya kule inakata kodi ya 1%. Kwa dola 800 za minervali, ni dola 8. Wengine watasema ni kidogo. Lakini inakuja juu ya malipo ya ajansi na makato ya kutoa feza kwenye simu. Tena katika familia zetu nyingi anayelipa si baba wala mama ya mwanafunzi. Ni tate wake, mzee aliyepokelewa Louisville ao Dallas kama mkimbizi, na ambaye kila dola ameitokea jasho.

Kodi hiyo inaweza kuepukwa bila kuvunja sheria. Inagusa noti na hati za malipo za karatasi. Feza ikitoka kwenye konti ya banki ya Marekani, ao kwa karti ya banki iliyotolewa kule, ile 1% haikatwi. Wazee wanaendelea na noti kwa sababu ndivyo walivyozoea, na vijana wa nyumbani, ambao simu haitoki mkononi, hawawaonyeshi njia nyingine.

Kuna hofu ya pili: kodi ya zawadi. Inasemwa kwamba ukilipia mjukuu masomo, serikali ya Marekani itakufuata. Tuseme wazi. Kule kodi hiyo inamuhusu mwenye kutoa, si mwenye kupokea, na kila mtu anaweza kumpa mwingine hadi dola 19 000 kwa mwaka, 2025 na 2026 vilevile, bila kujaza karatasi yoyote. Ni tate gani wa Kikongomani anafika hapo kwa minervali ya Bukavu?

Kwa mjukuu anayesoma Marekani kwenyewe, kiasi hicho kinapitwa haraka. Hapo sheria ina mlango mwingine: feza ya masomo ikilipwa moja kwa moja kwa shule haihesabiwi kama zawadi, hata iwe nyingi namna gani. Chumba, chakula na vitabu havimo. Na tate akilipa, wazazi wanaomwandika kijana kwenye kodi yao ndio wanaweza kuomba punguzo la masomo, hadi dola 2 500 kwa mwaka, kama mapato yao hayajapita mpaka uliowekwa. Tate mwenyewe hapati kitu. Tunaona si haki sana, lakini afazali familia ijue mapema, kuliko punguzo hilo lipotee kwa kukosa mtu wa kuliomba.

Lawama yetu kubwa inaenda kwa univasite za hapa kwetu. Kulipa shule moja kwa moja ndiyo njia salama kwa kila mtu, lakini tate aliye mbali atafanya namna gani? Banki za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, za Bukavu zikafuata mwezi wa pili. Feza ikaanza kupita kwenye simu ya mjomba, ya shangazi, ya rafiki wa shangazi, na kila mkono una shida zake. Mwisho mwanafunzi anatolewa kwenye chumba cha mtihani, wakati tate ana ujumbe unaoonyesha kwamba alituma yote. Yeye hana bordero, na chuo hakimjui.

Chuo kinachodai minervali kwa dola kionyeshe pia dola hizo ziingilie wapi: konti katika banki inayofanya kazi, ao namba ya malipo ya simu iliyoandikishwa kwa jina la chuo, si la mhasibu. Kitoe risiti yenye jina la mwanafunzi, mwaka wa masomo na jina la aliyelipa, na kiitume kwa WhatsApp siku ileile. Kazi hiyo haihitaji mfadhili wala mkutano wa Kinshasa.

Kwa sasa, tate aombe kwanza karatasi ya chuo yenye kiasi kamili na jina la mjukuu, kabla ya kutuma hata dola moja. Na kama chuo kinakataa kuitoa, aulize kwa nini.