Ua Lina Masharti Yake

Juma hili tuweke kando kidogo habari za mahindi na maharage, tuzungumze juu ya maua. Najua wako watakaosema, "Karani, maua hayaliwi." Kweli, hayaliwi. Lakini nyumba yenye maua mlangoni, hata ikiwa ya udongo na nyasi, humwambia mgeni mara moja kwamba humo wamo watu watunzaji. Tena, ajuaye kulea ua amejifunza jambo litakalomfaa shambani pia: kwamba kilicho hai kina masharti yake, wala hakifuati matakwa ya mtu.

Sharti la kwanza ni majira. Tutazame Uingereza, nchi ambayo watu wake hupenda bustani mno. Kwetu karibu na ikweta mchana na usiku hulingana mwaka mzima. Huko sivyo. Mjini London, mwezi wa Desemba, mchana wote hautimizi muda wa saa 8. Mwezi wa Juni hupita saa 16. Wakati wa baridi miti mingi hupukutika majani, na udongo huweza kuganda. Ifikapo Februari kuelekea Machi, jua huanza kukawia angani, na ndipo watunza bustani hutoka nje.

Wengi wa mjini hawana shamba, basi hukodi kipande kidogo cha ardhi, jirani na jirani. Mmoja akinoa mkasi, mwenzake huegemea sepetu, na maongezi huanza.

"Jirani, umekwisha kupogoa mawaridi?"

"Nimeanza jana. Na wewe, viazi vyako vimechipua?"

Kazi za siku hizo ni nyingi. Mawaridi hukatwa matawi yaliyokufa na yaliyo dhaifu, na yaliyo mazima hufupishwa juu kidogo ya jicho linalotazama nje, ili shina lipate hewa katikati. Viazi vya mbegu hupangwa mahali penye mwanga vichipue kabla ya kupandwa. Mboji hutandazwa juu ya matuta. Mbegu za nyanya huoteshwa ndani ya nyumba, dirishani.

Adui wao mkubwa ni siku mbili za joto. Mtu akiona jua zuri mwezi wa Machi, mikono humwasha; hutaka kutoa miche yote nje. Mwenzake aliyezoea humwambia, "Kanyaga udongo kwanza. Ukishikamana na viatu, rudi nyumbani." Maana jalidi, ile baridi igandishayo umande, huweza kurudi hata mwezi wa Mei, na mche mororo ukageuka mweusi kwa usiku mmoja. Ndugu zetu wa Njombe na Makete wanaijua jalidi, hawahitaji kuelezwa.

Kazi ikiisha, huja ubishi wa rangi. Wa kwanza kuchanua ni kiua kidogo cheupe ambacho Waingereza hukiita tone la theluji, kisha huja dafodili za manjano. Basi mmoja husifu nyeupe, kwa kuwa huonekana hata jua likishatua. Wa pili husifu manjano, kwa sababu amechoka na mawingu ya miezi mingi. Wa tatu hutaka nyekundu tupu. Wa nne husema, "Mimi nawapandia nyuki," naye huchagua buluu na zambarau. Huyu ana hoja. Mtaalamu Karl von Frisch alionyesha mwaka 1914 kwamba nyuki hutambua rangi, lakini nyekundu hawaioni vema kama sisi.

Hapa ndipo lilipo sharti la pili, nalo ni udongo. Liko ua liitwalo haidrenjia, lenye vichwa vikubwa vya mviringo, nalo hustawi hata katika milima yetu yenye ubaridi. Mtu hupewa tawi kutoka kichaka cha buluu, akalipanda kwake, na likachanua rangi ya waridi. Hudhani amedanganywa. Hakudanganywa! Katika udongo mchachu ua hilo hufyonza madini ya alumini, likawa buluu. Penye chokaa au majivu mengi uchachu hupungua, nalo huwa la rangi ya waridi. Lililo jeupe halibadiliki. Basi, kabla ya kumlaumu aliyekupa tawi, uulize udongo wako.

Sharti la tatu ni kivuli, na hili linatuhusu sisi wenyewe. Katika madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani hukaa chunguni ua dogo lenye majani ya manyoya. Majira hayo ya kuchipua, wenyewe hulihamishia udongo mpya. Leo liko jeupe, la waridi, la zambarau na la madoa. Lakini asili yake ni rangi ya urujuani, na kwao ni Usambara. Katika miaka ya 1890 mtawala Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani. Huko mtaalamu Hermann Wendland alilipa jina la kitaalamu mwaka 1893, naye akatumia jina la huyo mtawala. Lakini katika lugha ya kila siku Wajerumani huliita kwa jina la Usambara mpaka leo.

Hao walio mbali wamejifunza masharti yake. Wanajua kwamba jua kali huunguza majani yake, na maji baridi huyatia mabaka. Wanajua kwamba jani moja likichomekwa katika udongo wenye unyevu hutoa miche mipya. Na kwao, msituni, ua hilo huota juu ya miamba yenye unyevu, chini ya miti mikubwa. Mti ukikatwa, jua hufika mwambani, mwamba hukauka, na ua hufa. Halihitaji kung'olewa, kuondolewa kivuli kunatosha. Misitu hiyo imekwisha kupungua sana, na maua ya jamaa hiyo yameponea hapa na pale tu, mengi Tanzania na machache Kenya. Msitu huohuo ndio unaotunza chemchemi ambazo akina mama huteka maji.

Basi, wazazi, wafundisheni watoto kupanda maua nyumbani, kila mmoja na rangi aipendayo. Mtoto akishazoea kuuliza mche wake unataka nini, hatakata mti wa chemchemi bila kujiuliza ni nani anayeishi chini ya kivuli chake. Anayeishi juu ya kilima chenye msitu na aulinde kwa bidii. Itakuwa aibu wajukuu wetu wakitaka kuliona ua la Usambara, tuwapeleke kulitafuta katika madirisha ya Ujerumani.